Maiti Aliyepita Bariere Bila Kulipa

"Mama, nakuletea pole juu ya kifo ya bwana yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyotukatisha pumzi wiki iliyopita, ndugu msomaji. Nyiramahoro amesimama mlangoni pa nyumba yake ya mbao, kwenye mlima wa Nyamitaba, ndoo ya maziwa mkononi. Mbele yake yuko msichana asiyemjua, viatu vimejaa tope, begi limekumbatiwa kifuani. Na nyuma yake, upande wa pili wa pazia, huyo bwana aliyekufa alikuwa anakohoa.

Bahati ni kwamba wakati uleule ndama alilia zizini. Msichana hakusikia kitu.

"Bwana yangu gani?" Nyiramahoro aliuliza.

"Papa Gatera, muuza fromaji." Msichana aliinamisha kichwa. "Mimi ni Falone, wa asiransi ya Goma. Njo mimi nilikamata nafasi ya Papa Evode, ule aliwaandikisha. Nilianzia Kashebere kuchukua ushuhuda. Kule bantu wote wanamulilia, mama. Hata bale ba bariere wanakutumia pole. Banasema walimupitisha bure juu ya heshima."

Nyiramahoro alitaka kucheka. Lakini neno moja lilikuwa limeshamfikia: asiransi, yaani bima.

Jado naye alilisikia. Jado, mdogo wake Gatera, alikuwa ameketi uani akifunga mnyororo wa motari, pikipiki yake. Mikono yake ilikuwa na mafuta meusi mpaka viwiko. Aliyatazama matope ya msichana, akalitazama begi, akamtazama shemeji yake. Kisha akaweka mikono ile kichwani.

"Gatera weee! Ndugu yangu weee! Umetuacha na nani?"

"Jado!" Nyiramahoro alisema.

"Niache nilie, semeki! Kilio haina mwisho!" Jado alipiga magoti kwenye majani, na alipoinama karibu na miguu ya shemeji yake alinong'ona, "Nyamaza tu. Mungu ameingia mu nyumba yetu na viatu ya tope."

*

Kwa asiyejua tulikotoka, mambo yalikuwa hivi.

Gatera alikuwa akipakia fromaji, yaani jibini za Nyamitaba, kwenye motari na kuziuza mpaka Kashebere, upande wa Walikale, ambako wachimbaji na wachuuzi wanakula bila kuuliza bei. Siku moja ya mvua, daraja la magogo lilimtupa. Motari ilienda na maji. Gatera alibaki juu ya jiwe, na mgongo wake ukabaki vipande.

Gari halikuweza kupita. Wanaume walimfunga kwenye kipoyi, kile kitanda cha mianzi kinachobebwa mabegani, wakaanza kupanda kuelekea hospitali. Jado alikuwa mbele. Nyiramahoro, aliyeitwa mbio, alikuwa pembeni, ameshika mkono wa mume wake. Mvua haikukoma, kwa hiyo walimfunika Gatera kwa shitingi mpaka usoni, ile plastiki nyeupe ya wakimbizi.

Mama wa kwanza aliyewaona akashika kichwa akalia. Wa pili akafuata. Kijiji kimoja, chifu mwenyewe alitoka mvuani akavua kofia. Wabebaji walikuwa wamechoka mno kueleza.

Halafu wakafika kwenye bariere, ile kamba ambayo wenye bunduki wameivuta kufunga njia.

Kila mtu wa njia ile anajua sheria ya bariere. Mzima analipa. Mgonjwa analipa zaidi, kwa sababu ana haraka. Maiti tu ndiye anayepita bure, maana hata wenye bunduki wanaogopa kumkawiza anayekwenda kaburini. Wabebaji hawakuwa na kitu tena mfukoni.

"Munabeba nini?" mwenye bunduki aliuliza.

"Maiti," Jado alijibu.

"Mjane wake iko wapi?"

Wote walimgeukia Nyiramahoro.

"Sema wewe na kinywa yako. Iko nini ndani ya shitingi?"

Alisema. Mkono wa mume wake ulikuwa bado na joto ndani ya mkono wake, na alisema: "Ni bwana yangu. Amekufa."

Yule mtu alisukuma shitingi kwa mdomo wa bunduki, pale kwenye mbavu zilizovunjika. Gatera hakutikisika. Kamba ikashushwa.

Walipoizunguka kona, sauti ilitoka chini ya plastiki, ikimwita mke kwa jina la mtoto wao.

"Mama Niyigena."

"Niko hapa."

"Usiseme tena ile neno. Nilisikia inatoka kwa kinywa yako, nikaona kweli nimekufa. Kama ningechelewa kidogo singerudi. Niahidi."

"Naahidi. Haitatoka tena kwa kinywa yangu."

Ahadi ndogo, msomaji. Unaweza kuiweka kwenye kiganja. Sasa angalia uzito wake.

*

Mama Pétronille, jirani, aliruka uzio na jembe mkononi. Mwanamke yule ana miaka mingi na ulimi usiozeeka.

"Amekufa? Gatera? Lini? Asubuhi nilimusikia anagombana na kuku!"

Jado alilia kwa nguvu mara mbili kufunika maneno hayo.

"Mama Pétronille," alisema katikati ya machozi, akimkonyeza, "kilio imekuchanganya. Dada huyu anatoka Goma. Ku a-si-ra-nsi. Ameleta pole. Na haikuja mikono mitupu."

Mama Pétronille alimtazama Jado. Alimtazama msichana. Jembe likaanguka lenyewe.

"Yesu wangu," alisema, "masikini Gatera!" Akaketi chini, akavuta kitambaa usoni, na akaanza kulia vizuri kuliko wote.

Basi kilio kikaita kilio. Walikuja wa zizi la juu, wakaja wa shamba la viazi. Kila aliyefika alishtuka, akanong'onezwa sikioni, akashtuka tena kwa namna nyingine, kisha akaketi na kulia. Kwa muda mfupi ua ulijaa waombolezaji wa mtu ambaye wote walijua yuko ndani, nyuma ya pazia la maua mekundu, anawasikiliza.

Falone alifuta macho. Alikuwa bado kijana katika kazi ile.

"Mama, sitakuchosha. Kontra ya Papa Gatera njo ile ya maisha. Muntu akikufa, bibi na batoto wanapata yote mara moja. Chifu wa kule barabarani alishaweka muhuri, alimuona na macho yake. Inabaki tu wewe. Useme na kinywa yako kama bwana yako amekufa, kisha uweke kidole hapa."

"Na kinywa yangu," Nyiramahoro alirudia.

"Njo vile wanataka."

Nyiramahoro aliitazama ile karatasi, lakini aliona vingine. Aliona Niyigena wake, aliyerudishwa nyumbani kutoka shule na tangu hapo anachunga mbuzi wa watu. Aliona zizi. Ng'ombe walikuwa wameliwa na hospitali mmoja baada ya mwingine. Alibaki Bihogo peke yake na ndama wake, na siku ya soko Bihogo naye ataondoka na kamba shingoni, kwa kuwa mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Baada ya Bihogo lilikuwa limebaki shamba. Baada ya shamba, barabara.

"Nikuulize, dada," alisema polepole. "Na kama muntu hakukufa?"

Kilio kilipungua kidogo uani.

"Aje, mama?"

"Nasema tu. Muntu amevunjika mugongo. Amelala. Hawezi kuendesha, hawezi kukamua, hawezi hata kujigeuza. Asiransi inasema nini?"

"Aa, ile ni kontra ingine. Ile ya mapato. Muntu akishindwa kazi, inalipa kila mwezi, nyumba inaendelea kula." Falone alitikisa kichwa. "Papa Gatera hakuikamata. Papa Evode alituambia kama aliwaonyesha zote mbili."

Ni kweli, aliwaonyesha. Nyiramahoro alikumbuka siku ile kwenye depo ya maziwa, wafugaji wamesimama na bido, madumu yao ya maziwa, Evode akieleza mpaka sauti ikakauka. Walikuwa na uwezo wa moja tu. Yeye alimvuta mume wake pembeni.

"Tukamate ya mapato," alimwambia. "Kifo inakuja mara moja, inaondoka. Kuvunjika inakaa mu nyumba, inataka kula."

Gatera alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Bibi yangu ananivunja mifupa na niko muzima! Sikia, mama. Mwanaume wa hapa akivunjika, ndugu zake wako, watamubeba. Akikufa njo wanageuka fisi, wanagawana ng'ombe mbele ya mjane. Mimi nakukinga na ndugu zangu. Lete ya kifo!"

Na kweli, msomaji, alisema kwa mapenzi. Alikuwa ameona wajane wangapi wakifukuzwa kwenye malisho! Aliijua hatari ya kufa. Hatari ya kubaki hakuijua. Ndugu walimbeba kweli, mabega yao yakachubuka. Mwezi wa kwanza walileta viazi. Mwezi wa pili walileta salamu. Sasa walikuwa wanaleta wanunuzi wa ng'ombe.

"Ngoja nilete kiti, dada," Nyiramahoro alisema, na akaingia ndani.

*

Gatera alikuwa amefungua macho.

"Weka kidole," alisema kabla hajaulizwa.

"Umesikia?"

"Nalala karibu na ukuta ya mbao, si ya mawe. Weka kidole, mama."

"Nilikuahidi."

"Nakurudishia ahadi yako. Hii hapa, kamata. Sasa enda."

"Na wewe utaishi wapi, Gatera?"

"Hapa hapa. Wageni wakikuja nitanyamaza. Nilijifunza kunyamaza pale bariere, nilipasi vizuri." Alijaribu kutabasamu. "Utakuwa mjane mwenye ng'ombe. Jado hataweza kukugusa. Si njo kitu nilitaka?"

"Hautatoka tena ku jua?"

"Maiti inafanya nini na jua?"

"Na Niyigena akikuita Papa?"

 Nje, Mama Pétronille alikuwa ameingia ubeti mpya wa kilio.

"Atajifunza kutoita," Gatera alisema mwishoni, na akageuza uso ukutani. Uso ndio kitu pekee alichoweza kugeuza.

Nyiramahoro alisimama. Tangu lini mtu huyu amekuwa mwembamba hivi? Kikombe cha asubuhi kilikuwa bado kimejaa, na utando juu yake. Cha jana pia alikirudisha. Na hapo mwanamke yule alielewa jambo ambalo Evode hakulieleza kwenye depo, na wala Falone hangeweza kulisoma kwenye karatasi zake. Gatera hakuwa anakubali udanganyifu. Alikuwa anakubali kufa. Tangu bariere alikuwa anakubali kidogo kidogo, na alikuwa anangoja tu mtu ampe sababu nzuri.

Alitoka bila kiti.

*

"Umekawia, semeki," Jado alisema. Machozi yake yalikuwa yamekauka, mafuta yameacha mistari miwili mashavuni. "Dada ana njia ndefu."

Falone alifungua kidau cha wino.  Mama Pétronille alijivuta karibu akamshika Nyiramahoro kiwiko.

"Weka, mwanangu," alinong'ona. "Usituogope. Huu mulima utanyamaza. Tulishanyamazia mambo mabaya kupita hii."

Nyiramahoro aliwatazama. Hapakuwa na mwovu hata mmoja pale. Walikuwa majirani zake, waliokuwa wanataka awe na ng'ombe. Kila jicho lilikuwa linamwambia sema.

Aliinama. Wote walidhani anainamia karatasi.

Alichukua kikombe, akakichovya ndani ya ndoo. Maziwa ya Bihogo yalikuwa bado na povu. Akageuka kuelekea pazia.

"Papa Niyigena!" aliita kwa sauti ya juu. "Maziwa yako!"

Falone alisimamisha kalamu.

"Anaita roho yake," Jado alisema haraka. "Hapa kwetu mjane anaita roho. Ni kawaida, dada."

"Papa Niyigena! Jibu!"

 Nyuma ya pazia hapakuwa na kikohozi wala pumzi. Gatera alikuwa ameshakufa tena, na safari hii alikuwa anakufa kwa bidii.

"Semeki, nakuomba," Jado alisema. Sauti yake haikuwa tena ya mchezo. "Angalia batoto. Angalia zizi. Nani anakuomba haki hapa? Bale ba bariere? Serikali? Kila muntu wa hii njia anakula kwa uongo. Wewe peke yako unataka kuwa mutakatifu juu ya tumbo ya Niyigena?"

Lilikuwa neno zito, na lilikuwa na ukweli ndani yake. Nyiramahoro alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi si mutakatifu," alisema. "Nilisema uongo pale bariere, na kama ingehitajika ningesema tena, juu ilimuokoa. Hii ya leo itamuua."

Akalivuta pazia. Akalivuta lote, mpaka kamba ikakatika na maua mekundu yakaanguka chini.

Gatera alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, mikono imepangwa kifuani kama walivyoipanga chini ya shitingi. Alikuwa ameifanya vizuri kazi yake. Lakini machozi yalikuwa yanatoka chini ya kope zake na kuingia masikioni. Maiti halii.

"Dada Falone," Nyiramahoro alisema, "huyu njo bwana yangu. Iko muzima. Amevunjika, lakini iko muzima. Andika vile."

Hakuna aliyelia tena uani. Mmoja mmoja waombolezaji walianza kusimama, wakijipangusa majani, bila kutazamana. Mama Pétronille aliliokota jembe lake.

"Hata mimi nilisema asubuhi alikuwa anagombana na kuku," alinung'unika, na akaondoka.

Falone alifunga kidau cha wino. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kwanza alikasirika, ilionekana. Kisha alimtazama mtu yule kitandani na hasira ikakosa pa kukaa.

"Kontra iko muzima pia, mama," alisema kwa upole. "Lakini mukiacha kuilipa, itakatika, na ile yote mulitia mbele itapotea. Samahani. Njo kanuni."

Kwa hiyo, ili kifo chake kiwe na thamani siku moja, ni lazima Gatera akilipie akiwa amelala, kwa jasho asilokuwa nalo. Jado alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya. Akaisukuma motari yake mpaka njiani, halafu akasimama ghafla, kana kwamba mtu amemshika shati.

"Dada," alisema bila kugeuka. "Unarudia wapi kesho?"

"Kashebere. Mwenye motari aliyenileta ni wa kule."

"Utapitia bariere."

"Hakuna njia ingine."

"Na watakuuliza."

Falone alianza kuelewa. Rangi iliyokuwa imebaki usoni mwake ikatoweka. "Walisema nikirudi niwaambie kilio kilikwenda aje. Walisema..." Alilikumbatia begi lake. "Mama, mimi sijui kusema uongo mbele ya bunduki. Wakijua muliwadanganya, Jado hatapita tena pale na motari yake. Na hapa, si wanajua njia ya kufika? Wakiniuliza kama nilimuona mjane wa yule maiti, niwaambie nini?"

Jado alimgeukia shemeji yake. Bado palikuwa na nafasi. Neno moja tu, la kumpa msichana alichukue mpaka kwenye kamba ile: ndiyo, amekufa. Si kwa pesa sasa. Kwa usalama tu.

Nyiramahoro alikuwa ameketi kitandani. Alikiinua kichwa cha mume wake, akakiweka kwenye mkono wake kama mtu anavyomshika mtoto mgonjwa.

"Waambie umeniona," alisema. "Waambie nilikuwa namunywesha bwana yangu maziwa."

"Semeki!"

"Ile neno haitatoka kwa kinywa yangu, Jado. Nilimuahidi."

Alikisogeza kikombe. Midomo ya Gatera ilikuwa imefungwa kama mlango wa mtu aliyehama. Alingoja. Hakumbembeleza. Povu lilikuwa linapasuka taratibu juu ya maziwa ya ng'ombe wa mwisho, na chini kabisa, bondeni, motari ilisikika ikipanda kutoka upande wa Kashebere, bila mtu yeyote kujua ni ya nani.

Gatera alifumbua macho, akamtazama mke wake, na akanywa.